Imla ya Kutokubaliana

Tarehe kumi na mbili Machi, siku ya Alhamisi, wanafunzi wa somo la Historia ya Miji waliwasilisha insha zao za muhula, na insha zote isipokuwa moja zilianza kwa sentensi hii: "Mimi, kwa fikra zangu huru, sikubaliani na mhadhiri wangu kwa sababu tatu." Jambo hili limethibitishwa. Insha zenyewe zipo, zimefungwa kwa kamba, na kila moja ina mwandiko wa mwenyewe. Mawazo tu ndiyo yaliyokuwa ya mtu mmoja.

Aliyezipokea baada ya kusahihishwa ni mwanamke wa makamo aliyejulikana chuoni kama Mama Kwa Nini, mkuu na mfanyakazi pekee wa Chumba cha Uandishi. Insha ya kwanza aliisoma amesimama, akatabasamu. Ya pili aliisoma akiwa bado anatabasamu, lakini kwa upande mmoja wa mdomo. Kwenye ya tatu alivuta kiti, akakumbuka kwamba viti vya chumba kile karibu vyote ni vibovu, akabaki wima. Alipofika katikati ya rundo alikuwa akisoma sentensi ya kwanza tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambazo anajua wenyewe wamehama. Mwanafunzi mmoja, ambaye bila shaka ni msikivu kuliko wenzake, alikuwa ameandika: "Sababu ya kwanza ni mafuriko nukta mstari mpya."

Hapo Mama Kwa Nini alifunika uso kwa viganja. "Baba," alisema peke yake, "umefanya nini?"

Baba huyo alikuwa baba mkwe wake, na ndiye mhadhiri wa somo lile.

Kazi ya Mama Kwa Nini ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Alitakiwa kuwasaidia wahadhiri wawafundishe vijana kufikiri kwa njia ya kuandika: si kuandika walichoambiwa, bali kuandika ili wajue wenyewe wanafikiri nini, kisha wakikague kama mnunuzi anavyomkagua samaki, kwa kumfunua mashavu. Jina la Kwa Nini wahadhiri hawakumpa, walimkuta nalo. Utotoni aliuliza maswali mpaka mama yake akamwambia, "Nenda kauulize ukuta. Ukikujibu, uje uniambie." Mtoto akaenda, akakaa huko kwa muda wa heshima, akarudi. "Mama, ukuta umesema nikuulize wewe."

Chumbani mwake kulikuwa na kanuni moja: mhadhiri hampi mwanafunzi swali ambalo yeye mwenyewe hajalijibu kwanza, kwa mkono wake, kwenye meza ile. Kanuni hiyo iliwafukuza wengi kuliko moshi. Mhadhiri wa uchumi aliketi, akasoma swali lake mwenyewe, akatoka kupokea simu, na simu hiyo inaonekana bado haijaisha. Mwalimu wa fizikia aliandika mistari miwili, kisha akanong'ona kuuliza kama kuna majibu ya mwaka jana.

Kwa kuwa wageni walikuwa adimu, Mkuu wa Kitivo, mtu mpole asiyependa ugomvi hata wa paka, alianza kukitumia chumba kuhifadhi viti vilivyovunjika. Mzee wa stoo alivileta kwa mkokoteni, na kila alipovileta alivitambulisha.

"Mama, nimekuletea wageni wengine."

"Hawa nao wana nini?"

"Huyu mguu. Huyu mgongo. Huyu hapa hana ugonjwa, amechoka tu."

"Kama mimi."

"Basi mtaelewana."

Viti vilipofika dirishani, Mama Kwa Nini alikwenda kulalamika. Mkuu wa Kitivo alimsikiliza huku akinyoosha karatasi ambazo zilikuwa tayari zimenyooka. "Mama yangu, mimi nakipenda chumba chako. Lakini wakubwa wananiuliza kinazaa nini. Nionyeshe darasa moja ambalo wanafunzi wanafikiri. Moja tu. Kamati ya Taaluma itapita kabla muhula haujaisha. Ikiliona, chumba ni chako. Isipoliona..." Akashusha sauti kama anayetoa rambirambi. "Viti navyo ni mali ya chuo."

Darasa moja. Alizunguka vitivo vyote akiomba mhadhiri wa kujitolea. Wote walimsifu sana, wakamwelekeza kwa jirani.

Msaada ulitoka mahali ambapo hakuutarajia, mezani kwa wakwe zake, Jumapili mchana. Baba mkwe wake, ambaye chuo kizima kilimwita Profesa Nukta, alikuwa amefundisha kwa imla tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Aliingia ukumbini, akasema "Andikeni," akasoma, na kila alama ya uandishi aliitamka. Wanafunzi wake wa zamani wameenea katika ofisi nyingi, na inasemekana ukiwapigia simu husubiri uwaambie nukta ndipo wakujibu. Nyumbani hakuwa tofauti.

"Naomba chumvi," alisema siku hiyo. "Kisha maji."

"Sema nukta, la sivyo hatutajua kama umemaliza," alisema mkewe, mama mkwe, mwanamke mwenye ulimi uliochongoka kama sindano ya kushonea magunia. Akamgeukia mkaza mwana wake. "Mwanangu, huyu hata kunichumbia alinichumbia kwa imla. Alisimama barazani kwetu akasema, 'Nakupenda kwa sababu tatu.' Akataja mbili, baba yangu akatokea. Mpaka leo naisubiri ya tatu."

"Ilikuwa kwenye maelezo yangu," Profesa alisema.

"Yatafute. Na ukishayapata, msaidie mtoto wa watu. Chumba chake kinataka kufanywa kaburi la viti. Au unaogopa vijana watakushinda kwa hoja?"

"Mimi?" Profesa aliweka kijiko chini. "Niogope? Nitajitolea. Nukta."

Wiki hiyohiyo alikwenda kwenye Chumba cha Uandishi akiwa na kofia mkononi, akaketishwa kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani kwa sababu kilikuwa na miguu mitatu. Mama Kwa Nini alimweleza mpango. Profesa alikuwa na nadharia yake ya siku nyingi: soko kuu la zamani lilihamia ng'ambo ya mto kwa sababu ya reli, wala si kwa sababu ya mafuriko, kama watu wengi wanavyodai. Basi wanafunzi wapewe ramani ya reli na ile picha ya mafuriko ambayo Profesa huwagawia kila mwaka, wapime wenyewe, waandike wanachoona.

"Wape nafasi hata ya kukupinga, Baba, wakiona inafaa."

"Wanipinge," Profesa alirudia, akaandika.

"Wakiona inafaa, Baba."

"Nimeelewa, mwanangu. Kuna jingine?"

Lilikuwepo. Ilikuwepo kanuni, na meza, na kalamu. Ilibaki kumwambia baba wa mumewe, mtu ambaye yeye humwamkia kwa kupiga goti kidogo, aketi kama mtoto wa shule na kulijibu swali lake mwenyewe. Ulimi ulifika kwenye meno ukarudi.

"Hakuna jingine, Baba," alisema. Heshima si utumwa, lakini siku ile vilifanana sana.

Kilichotokea ukumbini kinajulikana kwa ukamilifu usio wa kawaida. Wanafunzi waliohojiwa wanaafikiana katika kila neno, jambo ambalo halishangazi, kwa kuwa wote waliliandika. Profesa aliingia, akatundika kofia, akatangaza, "Leo mtafikiri. Andikeni."

Kalamu zikainuka.

"Mimi, mkato, kwa fikra zangu huru, mkato, sikubaliani na mhadhiri wangu kwa sababu tatu, nukta. Mstari mpya."

Kijana wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Profesa, na anayekubaliana?"

"Swali zuri. Hayupo. Sababu ya kwanza ni mafuriko, nukta."

Kwa moyo safi kabisa, Profesa aliwasomea hoja zote dhidi yake mwenyewe, na wanasema zilikuwa hoja nzuri. Alitoka ukumbini ameburudika kama mtu aliyetoa sadaka.

Mtu mmoja hakuwamo. Binti mmoja, ambaye kila siku alikaa mlangoni kwa sababu alikuwa akitoka kwenye zamu ya kupokea simu hospitalini, alifika wenzake wakifunga madaftari. Aliuliza kazi ni nini. "Ni kuhusu soko," aliambiwa kwa haraka. "Chukua picha na ramani, andika." Basi binti yule, kwa kukosa imla, hakuwa na la kufanya ila kufikiri.

Insha yake ilikuwa chini kabisa ya rundo. "Nilitaka kumpinga Profesa," ilianza, "kwa sababu nyumbani kwetu wote husema ni mafuriko. Lakini niliitazama picha. Maji yamejaa kwenye uwanja wa soko la zamani, na nyuma kabisa, ng'ambo ya mto, karibu na stesheni, meza za soko zinaonekana zimeshapangwa na watu wananunua. Anayekimbia mafuriko hahami kabla maji hayajaja. Kwa hiyo nakubaliana na Profesa kwamba si mafuriko, ingawa sababu anazotoa yeye hazijaniridhisha." Pembeni, kwa wino mwekundu: "Hukufuata maelekezo. Ulitakiwa kutokubaliana. Sifuri."

Mama Kwa Nini aliisoma mara mbili, na mara ya pili aliisoma kwa sauti, akivisomea viti.

Alipokuwa angali ameishika, Mkuu wa Kitivo alichungulia mlangoni, uso unang'aa. Alikuwa ameziona insha mbili tatu kwa katibu wa Profesa. "Mama! Darasa zima linampinga Profesa Nukta! Nani angeamini? Kamati itakuja Jumatatu. Waonyeshe hizi tu, mambo yamekwisha." Akaondoka akipiga mluzi.

Kwa hiyo njia ilikuwa wazi, nyeupe, ina kivuli. Kamati haina desturi ya kusoma insha zaidi ya ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa fikra huru. Chumba kingekuwa chake. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na binti wa mlangoni abaki na sifuri yake.

Nyumbani alimweleza mumewe, mtu aliyelelewa na Profesa na ambaye kwa sababu hiyo hupenda sana ukimya.

"Mwache mzee," mumewe alisema. "Sifuri moja haijawahi kuua mtu."

"Hata kama ni ya mtu pekee aliyefanya kazi?"

"Utamwambia nini? 'Baba, umekosea'? Mimi nina umri huu, sijawahi kumwambia."

"Na amewahi kukosea?"

Mume alifikiri kwa uaminifu. "Aliwahi kunyoa nywele zangu mwenyewe."

Mama Kwa Nini hakulala vizuri, lakini alipoamka alikuwa amepiga moyo konde. Asingemwambia mzee kwamba amekosea. Angefanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo.

Ijumaa Profesa alifika, akaketi kwenye kiti chake cha miguu mitatu kama mtu aliyekuja kupokea shukrani. Mama Kwa Nini alimpa salamu zote zinazostahili, akauliza habari za Mama, habari za goti lake, habari za paa linalovuja. Kisha akaweka mezani insha ya binti, karatasi tupu na kalamu.

"Baba, chumba hiki kina kanuni, na mimi nilikuonea haya, nikaivunja. Naomba uniandikie jambo moja tu. Kwa nini sifuri?"

"Rahisi," alisema Profesa, akaegemea nyuma, akafumba macho. "Andika. Mwanafunzi huyu, mkato..."

Mama Kwa Nini hakuigusa kalamu. "Baba, mkono ni wako."

Profesa alifumbua jicho moja. Kwa miaka mingi kila alichosema kiliandikwa na mtu mwingine. Hata orodha ya vitu vya dukani aliisoma, mkewe akaandika. Aliishika kalamu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Akaandika: "Nimempa sifuri kwa sababu hakunipinga." Akaisoma. Akaikata. Akaandika: "Nimempa sifuri kwa sababu ana maoni sawa na yangu." Hiyo aliitazama kwa muda mrefu zaidi, kisha akaikata mistari miwili, kwa nguvu.

"Mwanangu, hiki kiti hakifai."

"Vyote viko hivyo, Baba."

"Haya." Akajaribu tena. "Nimempa sifuri kwa sababu anasema kwenye picha kuna meza za soko, na kwenye picha hakuna..." Akainua kalamu. "Picha iko wapi?"

Alipewa. Alivua miwani, akaivaa, akaisogeza picha dirishani, akavisukuma viti viwili vilivyoziba mwanga. Picha hiyo alikuwa ameigawa kwa vizazi vya wanafunzi, na kila mwaka aliitaja kwa maneno yaleyale: "Tazameni maji." Yeye mwenyewe aliyatazama maji, na wengine wote wakayatazama maji.

"Zile ni meza," alisema hatimaye.

Akaigusa picha kwa ncha ya kidole.

"Meza hizi zimekuwa hapa siku zote?"

"Nadhani, Baba."

"Na mimi nilikuwa wapi?" Akakaa chini bila kukitazama kiti, kiti kikamwangusha. Mkaza mwana akaruka kumwinua, akiomba radhi kwa niaba ya chuo, lakini mzee alikuwa sakafuni na picha mkononi, hajajali. "Huyu binti ananiunga mkono kwa ushahidi ambao mimi sikuwahi kuutoa! Nimeshika ukweli miaka yote kama mtu aliyeshika kuku kwa mkia!" Akatazama juu. "Halafu anasema sababu zangu hazijamridhisha. Kwa nini hazijamridhisha?"

"Muulize yeye, Baba."

"Nitamuuliza. Na atanijibu. Niinue."

Jumatatu kamati iliketi nyuma ya ukumbi ikiwa na Mkuu wa Kitivo, ambaye alikuwa amevaa tai ya sherehe. Mama Kwa Nini alisimama karibu na ukuta. Hakujua mzee atafanya nini. Alijua tu kwamba insha hakuzipeleka kwa kamati.

Profesa Nukta aliingia, akatundika kofia, akatazama darasa. Kalamu zikainuka.

"Nilikosea," alisema.

Wote wakaandika.

"Msiandike."

Wakaandika na hilo.

"Wewe wa mlangoni. Nilikupa sifuri, na sababu ya kukupa nimejaribu kuiandika nikashindwa. Sifuri nimeifuta. Sasa niambie: sababu zangu zina ubaya gani?"

Binti alisimama, bado ana kitambulisho cha kazini shingoni. "Shikamoo, Profesa. Hazina ubaya. Ila ulisema wafanyabiashara walihama kwa sababu reli ilikuwa karibu. Reli ilikuwa karibu hata kwenye soko la zamani, ramani inaonyesha. Iliwapita palepale. Kwa nini basi wavuke mto?"

"Kwa sababu ya stesheni!"

"Stesheni ilijengwa kwa sababu ya soko, au soko lilifuata stesheni?"

Profesa alifungua mdomo kusema nukta, nayo haikuja. Kalamu za mstari wa mbele zilikuwa bado zinakimbia, zikiandika maswali na majibu yote. Ndipo yule kijana aliyeandika "nukta mstari mpya" alipoinuka kutoka viti vya nyuma, bila kunyoosha mkono.

"Lakini jamani, nani kasema haya ni mafuriko ya kwanza? Kama mto ulifurika mara mbili, walihama kwa yale ya kwanza, na picha hii ni ya yale ya pili!"

"Hiyo umeitoa wapi?" binti aliuliza.

"Kichwani!"

"Rudisha!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na kicheko kikageuka ubishi. Waliokuwa wakiandika wakaacha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akisema kwa mwendo wa kuandikika. Mmoja alipanda kwenye benchi kuonyesha ramani. Profesa alikuwa katikati yao, miwani imemshukia puani, akipaza sauti: "Thibitisha! Wewe, thibitisha! Nenda kaandike hilo uniletee, tuone kama litasimama!" Mkuu wa Kitivo aliinuka akiwa ameinua mikono yote miwili. "Tuheshimiane, jamani, tuheshimiane!" Hakuna aliyemsikia. Mjumbe mmoja wa kamati alimwinamia Mama Kwa Nini na kumwuliza jibu sahihi ni lipi, ili aweke alama kwenye fomu yake.

"Bado linatafutwa," alimwambia.

"Na mhadhiri je, halijui?"

"Leo halijui. Ndiyo kazi yenyewe."

Mjumbe alitafakari, akaandika jambo refu.

Taarifa ya kamati ilisema, pamoja na mengine, kwamba kulikuwa na kelele. Mkuu wa Kitivo hakujua kama hilo ni sifa au lawama, na kwa kuwa hapendi kuuliza, hakufanya chochote. Lakini kipindi kilichofuata wanafunzi wa masomo mengine walimiminika kwenye ukumbi wa Historia ya Miji kusikiliza ubishi, wengine wakasimama, wengine wakakaa sakafuni. Siku mbili baadaye mzee wa stoo alitokea kwenye Chumba cha Uandishi na mkokoteni. Mama Kwa Nini alimzibia njia mlangoni.

"Hapana. Hakuna nafasi tena. Hata ya kigoda."

"Mama, mimi leo siji na wageni. Nimekuja kuwachukua. Profesa anataka viti, anasema darasa lake limefurika. Fundi atavigonga misumari."

"Vyote?"

"Huyu wa miguu mitatu tu ndiye abaki. Profesa kasema asiguswe. Kasema ni wa kwake, anakuja kuandika Ijumaa."

Alikuja kweli, Ijumaa hiyo na nyingi zilizofuata, akiandika kwa mkono wake na kukata zaidi ya alivyoandika. Mezani Jumapili alianza kuomba chumvi kama binadamu wengine, jambo lililomtia mkewe wasiwasi mpaka akampima homa kwa kiganja. Kuhusu ile sababu ya tatu ya uchumba, alisema amekwisha kuianza, ila aya haijakaa sawa. Binti wa mlangoni alipata alama yake mpya, pamoja na ukurasa mzima wa maelezo ya Profesa, ambao ameupinga kwa maandishi.

Picha ya mafuriko haina tarehe, na aliyeipiga hajapatikana. Kwa nini soko lilivuka mto, haijulikani.